Mistari Kumi na Mmoja ya Mchungaji Lathrop

Karatasi yenyewe Lovina Tarbox aliipata Jumatatu asubuhi, siku ya usafi. Kila Aprili mafundi wa kiwanda kile cha chapa kando ya mto, pale Cambridge, huvuta trei zao za herufi na kuzipuliza vumbi la majira yote ya baridi. Lovina aliivuta trei ya chini, ile inayokwama kila siku, akaipiga kiganja, ikachomoka. Nyuma yake, imebanwa kwenye ubao, kulikuwa na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono.

Hakuhitaji kuisoma ndipo ajue ni ya nani. Mwandiko ule mwembamba, ulioegemea upande mmoja kama nyasi kwenye upepo, alikuwa ameishi nao wiki nne nzima mwezi wa Oktoba, alipopewa kupanga herufi za kitabu cha Bwana Asahel Dunning wa Newburyport. Kilikuwa kisa cha Rhoda, mke wa fundi magurudumu, aliyesingiziwa na kijiji kizima jambo asilolifanya, mumewe naye akawaamini wanakijiji. Mwishoni, asubuhi moja ya theluji, Rhoda anaweka ufunguo mezani, anafungua lango, anashika njia, wala hageuki nyuma. Lovina alipoyapanga maneno hayo, herufi moja baada ya nyingine, macho yalimjaa maji. Alimalizia mstari kwa kupapasa, akafuta uso kwa aproni, akapeleka kazi kwenye meza ya wasahihishaji. Kitabu kimekwisha.

Kumbe hakikuwa kimekwisha. Karatasi hii ilikuwa na mistari kumi na mmoja zaidi. Rhoda hakufika mbali. Baridi ilimshika darajani, akarudi kijijini akijikokota, akapiga magoti mbele ya wazee wa kanisa, akaungama kiburi chake, na kabla ya jioni akafa hali amesamehewa.

Lovina aliisoma mara mbili amechuchumaa palepale sakafuni. Kisha akaikunja mara nne akaisukuma kifuani, ndani ya gauni.

"Umeona panya?" Keturah Doane, aliyefanya kazi upande wa pili wa trei zile, alimchungulia.

"Vumbi tu."

"Basi hilo vumbi lako ni la kaburini, maana umepauka, mwenzangu."

Kitabu kilikuwa kimetoka Novemba, na kufikia Aprili kilikwishapigwa chapa mara tatu. Boston nzima ilikuwa ikibishana kama Rhoda alifika salama au hakufika, na alikuwa akielekea wapi. Wanawake waliandika barua magazetini. Pale kiwandani kwenyewe, msichana wa kukunja karatasi alikuwa amemwacha mchumba wake, akasema Rhoda ndiye aliyemfungua macho. Na yote hayo, Lovina aliwaza akipuliza vumbi, yametokana na trei inayokwama.

Jumanne, kabla ya saa ya chakula, msimamizi wao Bwana Stiles aligonga kengele na kuwakusanya. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na alipokuwa na hasira ilizidi kuwa ndogo, hata watu wakalazimika kumsogelea ili wamsikie akiwagombeza. Siku hiyo walimsogelea sana.

"Nina barua," alisema. "Kutoka kwa Mchungaji Ebenezer Lathrop wa Newburyport, baba mkwe wa Bwana Dunning. Anasema kitabu cha mkwewe kimekatwa mkia. Anasema kilikuwa na mwisho wa mafundisho, alioukubali yeye mwenyewe, na sisi tumeula. Anataka jina la aliyefanya hivyo, na anataka chapa ya nne itoke na mwisho wake." Akaikunja barua. "Mzee Amasa, zile kurasa za mwisho alisahihisha nani?"

Amasa Pickering alikuwa amekaribia miaka sabini. Alikuwa msahihishaji pale kwa miaka thelathini na mmoja, na siku hizi alivaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.

"Nilisahihisha mimi."

"Na hukuona kuwa kuna karatasi imepungua?"

"Mswada nilioletewa uliishia pale chapa ilipoishia."

"Bwana Dunning alituma karatasi mia nne na kumi na mbili. Mchungaji anasema alizihesabu kwa mkono wake."

Mzee yule alivua miwani ya juu, akavua na ya chini, akabaki ameishika yote miwili kana kwamba hajui ni ya nani. "Basi itakuwa macho yangu," alisema. "Itakuwa nilikuwa nayo na sikuiona. Siwezi kukuapia, Bwana Stiles. Zamani ningeapa."

"Hutaapa," alisema Bwana Stiles kwa sauti ambayo karibu haikusikika. "Jumamosi itakuwa siku yako ya mwisho, mzee. Nasikitika, lakini lazima nimwandikie mchungaji jina."

Lovina alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwao, karatasi imemgusa ngozi, na hakusema neno. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Kazi ile alifundishwa na mjomba wake kule Maine, na alikuwa mmoja wa wanawake wanne walioajiriwa na Bwana Stiles huku wenye kiwanda wakimwonya kwamba wanawake wataharibu kazi. Akifungua kinywa, si yeye tu atakayeondoka. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na ilikuwa kweli, lakini mzee Amasa alipopita karibu naye akielekea mezani kwake, akipapasa ukuta kama mtu aliyeingia nyumba ngeni, ukweli ule haukumsaidia.

Usiku ule hakulala, na uliofuata alilala kidogo akaamka amechoka zaidi. Jumatano baada ya kazi, walipokuwa wamekaa yeye na Keturah kwenye ngazi za nyumba waliyopanga, akamwonyesha ile karatasi.

Keturah aliisoma midomo ikicheza. "Afe? Rhoda?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Ichome."

"Na mzee Amasa je?"

"Atapumzika. Ana binti Roxbury, atakaa huko akicheza na wajukuu."

"Akicheza na wajukuu huku akiamini macho yake ndiyo yaliyomwaibisha?"

Keturah alikuwa mcheshi, lakini moyo wake haukuwa mgumu. Mzee Amasa ndiye aliyemfundisha kusoma herufi kinyumenyume siku zake za kwanza, wakati wanaume wengine walipokuwa wakimfichia makoleo yake ya kushikia herufi.

"Basi usimpe Stiles," alisema mwishowe. "Ukimpa Stiles, ataiweka kwenye chapa ya nne kesho kutwa, na wewe utakuwa umetuua wanawake wote, mimi, wewe na Rhoda. Mpelekee mwenyewe. Karatasi ni ya yule bwana. Mwambie ulivyofanya, umwombe amtetee mzee. Kesho si tumepumzika?"

Kesho yake ilikuwa Siku ya Mfungo, Alhamisi ile ya Aprili ambayo gavana huwatangazia watu wa Massachusetts wafunge kula na wahudhurie ibada. Wengi siku hizo walifunga maduka tu.

Lovina alipanda garimoshi la asubuhi. Alivaa gauni lake jeusi la kanisani na kofia ya Keturah, ambayo ilikuwa nzuri kuliko yake. Njia nzima alijipangia maneno, akayapangua, akayapanga tena. Newburyport kengele zilikuwa zikilia na mitaa i mitupu, watu wote wako kanisani. Mwanamke aliyekuwa akikimbia kwa kuchelewa alimwonyesha nyumba ya Bwana Dunning bila kusimama: ile ya kijivu, mwisho wa barabara, yenye banda la kuku.

Alibisha mlango wa mbele, kimya. Akazunguka nyuma. Ndani ya banda la kuku mlikuwa na mwanamume mrefu, mwembamba, amevaa koti lenye viwiko vilivyotoboka, ameinama akifunga waya.

"Namtafuta Bwana Dunning," alisema Lovina.

"Hayupo," mtu yule alijibu bila kugeuka. "Yuko kanisani. Kama umekuja kumuuliza Rhoda alikwenda wapi, hata yeye hajui. Nimemsikia akisema hivyo mara nyingi."

"Sikuja kwa ajili hiyo. Natoka kiwandani, Cambridge. Kule kilikopigwa chapa kitabu chake."

Waya ulimponyoka. Aligeuka, na Lovina akaona kidole chake cha kati kimeingia wino hadi kwenye kifundo, wino wa miaka, ambao hautoki kwa sabuni.

"Mmeipata," alisema.

"Nimeipata mimi, bwana. Ilikuwa nyuma ya trei yangu. Mimi ndiye niliyepanga zile kurasa."

Bwana Dunning aliigeuza ndoo ya maji ya kuku, akaikalia. Akashika kichwa. "Basi yamekwisha," alisema. "Nilijua itapatikana tu."

Lovina alimwona mtu aliyeumia, akaamini ni yeye aliyemuumiza, na maneno yote aliyoyapanga garini yakamtoka bila mpango. Alimwambia kuhusu machozi, kuhusu trei inayokwama, kuhusu jinsi alivyodhani kitabu kimekwisha. Alimwambia yuko tayari kufukuzwa. Akachomoa karatasi, akamnyooshea.

Bwana Dunning aliitazama kama kuku anavyoutazama mkono wenye kisu. Hakuipokea.

"Hamtairudisha kwenye kitabu?" aliuliza.

"Ni yako, bwana. Ukitaka irudi itarudi."

"Nani kasema nataka irudi?"

Walitazamana. Kuku mmoja alipita katikati yao akichakura.

"Bibi," alisema Bwana Dunning polepole, "mimi niliandika kitabu kikaisha pale langoni. Baba mkwe akausoma mswada. Akasema hawezi kukubali wajukuu zake waitwe kwa jina la mtu aliyeandika mwanamke anamwacha mumewe na Mungu hasemi kitu. Alikuja na maneno yake tayari, akanisomea, nami nikayaandika. Saa moja tu. Nikapeleka mswada posta kwenye mvua, nikarudi na kifua kikaniangusha wiki sita. Kitabu kilipoletwa niliogopa kukifungua. Nilipokifungua mwishoni..." Alitikisa kichwa. "Nilidhani nimeota. Karatasi haipo. Tangu siku hiyo kila nikimwona tarishi mwili unanisisimka. Nasema leo wameigundua. Leo wataomba radhi na kuirudisha."

"Na hukusema kitu?"

"Kwa nani? Kwa mkwe? Aliposoma kitabu mwezi uliopita akaniuliza, nikamwambia ni wapiga chapa. Ilikuwa kweli. Nilidhani atanung'unika tu, yaishe."

Mpaka hapo Lovina alikuwa amesimama kama mshtakiwa. Sasa aliona mgongo wake ukinyooka wenyewe.

"Hakunung'unika. Ameandika barua. Jumamosi anafukuzwa mzee wa miaka sabini, anaitwa Amasa Pickering, na unajua kosa lake ni nini? Hana. Alisoma alicholetewa. Lakini amekubali, kwa sababu amezeeka na anadhani macho yamemsaliti. Mimi nimekaa siku tatu na karatasi hii kifuani, nimekula nayo, nimelala nayo, kila nikimwona yule mzee natamani ardhi ipasuke. Nilidhani ni mimi peke yangu. Kumbe na wewe umekaa hapa na kuku zako miezi mitano, unafurahi moyoni, na mtu mwingine ndiye anayelipa."

"Sikujua habari za huyo mzee."

"Hukuuliza."

Bwana Dunning aliona haya. Alikuwa mtu wa kuona haya upesi, shingo yote ikawa nyekundu. "Hilo ni kweli," alisema.

Mlango wa jikoni ulifunguliwa. Mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwiko mkononi, alisimama kizingitini. "Asahel, kama ni mgeni, mwingize ndani. Kama ni ugomvi, uingizeni ndani vilevile, majirani wanarudi kutoka ibadani."

Huyo alikuwa Temperance, mkewe, bintiye mchungaji. Jiko lake lilinukia samaki, viazi na maziwa, siku ambayo hapana chungu kilichotakiwa kuwa motoni Newburyport nzima. Alimwona Lovina akinusa.

"Baba akiuliza, ni ya paka," alisema.

Bwana Dunning alimweleza mkewe yote, akijikatizakatiza mwenyewe, na Lovina akaiweka karatasi mezani. Temperance aliisogeza kwa ncha ya mwiko, akausoma mstari wa kwanza, akauacha.

"Kaa, dada," alimwambia Lovina. "Umesema umekuja kuungama. Basi nafasi yako imechukuliwa, maana mwenye kuungama hapa ni mimi." Alivuta kiti, akakaa kati yao. "Karatasi za chapa ya majaribio, zile za kusahihishia, zilikuja Alhamisi moja, Asahel akiwa anaweweseka kwa homa. Kiwanda kiliandika kwamba zirudi Jumatatu. Nikazisoma mimi, usiku tatu, pembeni ya kitanda chake. Nikafika mwisho. Nikaona kile kipande cha baba hakipo."

Bwana Dunning alimtazama mkewe kinywa wazi.

"Nilikaa kidogo," Temperance aliendelea. "Nikafikiri nimwamshe. Halafu nikachukua kalamu, nikaandika chini ya ukurasa, 'Imesomwa, ni sawa,' nikapeleka posta."

"Tempy. Miezi mitano. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeirudisha. Ungelia, lakini ungeirudisha, kwa sababu ulimwahidi baba na wewe ni mtu wa ahadi. Mimi sikumwahidi mtu." Alimgeukia Lovina. "Kwa hiyo wewe, dada, ulisahau karatasi. Sawa. Lakini kosa la mpanga herufi si ndiyo sababu karatasi zinaletwa kwa mwandishi zisahihishwe? Zililetwa. Kosa lilionekana. Likakubaliwa. Tangu hapo si kosa lako tena, ni kitabu."

Lovina aligundua kwamba ana njaa, na kwamba miguu inamuuma, kofia ya Keturah ikiwa imembana vibaya.

"Lete karatasi na wino," Temperance alimwambia mumewe. "Tumwandikie huyo Bwana Stiles sasa hivi, kabla baba hajaja."

Lakini baba alikwishafika. Hatua zake zilisikika varandani, nzito, na mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Mchungaji Ebenezer Lathrop alikuwa mzee mkubwa wa mwili, nyusi nyeupe, sauti imekauka kwa kuhubiri saa mbili na nusu bila kifungua kinywa. Alisimama, akawatazama watu watatu waliomkodolea macho, akalitazama sufuria.

"Ni ya paka," alisema Bwana Dunning.

"Kaa, baba," alisema Temperance. "Nina neno."

Alimwambia yote akiwa amesimama, mikono ameikunja ndani ya aproni. Hakuomba radhi mapema wala hakupunguza kitu. Lovina, aliyekaa kwenye ncha ya kiti, alitazama nyusi zile nyeupe zikikutana, akasubiri radi.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema mchungaji.

"Ni mimi. Na kuna mzee anafukuzwa kazi kesho kutwa kwa sababu ya barua yako."

"Mimi niliomba jina. Sikuomba mtu afukuzwe."

"Ukimwandikia tajiri wa mtu ukamwomba jina, baba, unadhani atalifanyia nini?"

Mchungaji alimgeukia mkwewe. "Na wewe? Ulifurahi ilipopotea?"

Lovina alimwona Bwana Dunning akitazama dirishani, banda la kuku liliko, kana kwamba anatamani kurudi huko. Kisha akamtazama mzee usoni.

"Nilifurahi, baba. Ningekwambia tangu mwanzo kwamba sitaki. Niliogopa. Rhoda hakutenda dhambi, sasa angeungama nini?"

"Kiburi."

"Kiburi gani? Alisema ukweli na hawakumwamini, basi akaondoka."

Mchungaji alinyoosha mkono akaichukua karatasi. Akaisoma kwa sauti, mistari yote kumi na mmoja, kwa sauti ileile ya mimbarini iliyokauka. Jikoni mle, karibu na chungu kinachotokota, maneno yale yalisikika makubwa mno, kama mtu mnene aliyevishwa koti la mtoto. Yeye mwenyewe alilisikia hilo. Alipofika kwenye wazee wa kanisa na magoti, alipunguza mwendo.

"Haya ni maneno yangu," alisema alipomaliza.

"Yote," alisema Bwana Dunning. "Niliyanakili tu."

"Si mabaya."

"Kwenye mahubiri si mabaya hata kidogo," alisema Temperance.

Halafu mzee akamgeukia Lovina kwa mara ya kwanza. "Wewe uliyasoma wakati ule?"

"Hapana, mchungaji. Sikujua kama yapo. Nilifika pale langoni, nikalia, nikadhani ndio mwisho."

"Ulilia kwa nini?"

Lovina alifikiri. "Niliogopa atageuka," alisema.

Mchungaji Lathrop alipumua kwa pua. Akaikunja karatasi kwenye mikunjo ileile ya Lovina, akaiweka ndani ya Biblia yake, akaifunga. "Kama ni mahubiri yangu, nitayahubiri mwenyewe," alisema. "Sina haja ya kumtuma mwanamke wa kubuniwa. Temperance, andika barua yako, na mimi nitatia sahihi chini. Kisha mnipe huo mchuzi wa paka. Nina njaa hata siwezi kukasirika ipasavyo."

Barua iliandikwa kwenye meza ileile, bakuli zikisukumwa pembeni. Ilisema kwamba kitabu kilipigwa chapa kama kilivyosomwa na kukubaliwa katika nyumba ya mwandishi; kwamba mwisho uliomo ndio mwisho wake, leo na katika chapa zote zitakazofuata; na kwamba hapana fundi wala msahihishaji anayedaiwa jambo lolote. Bwana Dunning alitia sahihi kwanza. Kisha mkewe. Kisha mchungaji, kwa herufi kubwa. Lovina alikula bakuli mbili na mkate, akapewa na kipande cha pai ya tufaha afunge kwenye leso.

Bwana Dunning alimsindikiza stesheni. Walipofika alivua kofia. "Huyo Bwana Pickering," alisema, "ningependa nimwandikie mwenyewe. Si barua ya kiwandani, barua ya kwake."

"Andika herufi kubwa," alisema Lovina. "Anavaa miwani miwili."

Garini alilala kabla hawajapita mji wa kwanza. Aliamshwa na mkata tiketi akimtikisa bega. Behewa lilikuwa tupu, watu wote wameshuka, na nje ilikuwa Boston. Pai ilikuwa imempondekea mapajani, na kofia ya Keturah imelalia upande mmoja kama kuku mgonjwa. Aliomba radhi, akacheka peke yake mbele ya yule mtu, naye akacheka bila kujua wanacheka nini.

Ijumaa asubuhi Bwana Stiles aliisoma barua amesimama. Aliisoma tena. Kisha akazungumza kwa sauti ya kawaida, jambo ambalo wengi hawakuwahi kulisikia, akasema mzee Amasa aitwe, na akamwomba radhi mbele ya watu wote. Lovina aliona kwamba angeweza kuliacha jambo lipite hivyohivyo. Alimfuata Bwana Stiles ofisini, akafunga mlango, akamwambia habari ya trei.

Bwana Stiles alimsikiliza mpaka mwisho. "Ile ya chini?" aliuliza. "Inayokwama?"

"Ndiyo, bwana."

"Uliniambia mwaka juzi inakwama."

"Nilikwambia."

"Basi ungeniambia na Jumanne, Bibi Tarbox. Nilimwaibisha mzee bure." Aliiweka barua kwenye droo, akatazama meza kidogo. "Nitamwita seremala. Rudi kazini."

Kwa mzee Amasa Lovina alikwenda mwenyewe, akamsimulia kwenye meza ya kusahihishia, ameinama karibu na sikio lake. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa kimya, kwa lolote. Mzee alimsikiliza, akavua miwani yote miwili, akaifuta taratibu kwa ncha ya shati.

"Kwa hiyo karatasi haikufika hapa kabisa," alisema.

"Haikufika. Nisamehe, mzee."

"Siku nne sijasoma hata gazeti. Nilikuwa naogopa kujua." Akairudisha miwani puani, mmoja, halafu wa pili. "Macho yangu bado yangu, basi. Hebu lete hizo karatasi zako za jana."

Ilikuwa kazi mpya, kitabu cha magonjwa ya kondoo. Lovina alizileta. Mzee Amasa aliziinamia, pua ikikaribia kugusa wino, kidole kikitembea chini ya mistari. Alifika nusu ya ukurasa, akasimama, akachukua kalamu.

"Lovina, mwanangu," alisema kwa furaha kubwa, "hapa umeandika 'kwato' mara mbili."